Bima ya afya kwa mwenye ulemavu: anza na mahitaji ya mwaka, bei ifuate

Mikataba mingi ya bima ya afya imeandikwa ikimfikiria mtu anayeugua, anatibiwa, anapona, kisha anakaa miezi bila kufika hospitali. Mwenye ulemavu haishi hivyo. Anaweza kuwa mzima kabisa, hana homa wala maumivu, na bado kila siku akahitaji katheta (mrija wa kutolea mkojo), kila wiki akahitaji tiba ya viungo, na kila baada ya miaka kadhaa akahitaji kiti, mguu bandia au kisaidizi cha kusikia kipya. Mahitaji hayo hayaji ghafla. Yanajulikana tangu siku ya kujiunga. Kampuni ya bima nayo inayajua, na ndiyo maana vifungu vinavyoyahusu ndivyo vilivyobanwa kuliko vingine vyote.

Kwa sisi tuliopita njia hii, ushauri wa kwanza ni huu: usianze kwa kulinganisha bei. Andika mwili wako unatumia nini kwa mwaka mzima, halafu uipeleke orodha hiyo mbele ya kila mkataba unaoonyeshwa.

Orodha kwanza

Chora safu nne kwenye karatasi: kitu chenyewe, kiasi kwa mwezi, kinadumu muda gani, na nani anakilipia sasa. Andika hata vile ulivyozoea kununua kwa fedha zako mpaka ukasahau kwamba ni gharama za afya: glavu, pedi za kunyonya mkojo, betri, nauli ya kwenda kliniki. Kazi hii inachosha moyo, kwa sababu ni kuuona ulemavu wako umegeuzwa kuwa tarakimu. Wengi huiahirisha kwa sababu hiyo hiyo. Ifanye pamoja na mtu unayemwamini, na kama haikwishi kwa siku moja, iacheni muirudie.

Idadi ndiyo inayofichua mkataba. Mtu aliyeumia uti wa mgongo anayetoa mkojo kwa katheta za kutumia mara moja hufanya hivyo kwa kawaida mara 4 hadi 6 kwa siku. Hizo ni katheta 120 hadi 180 kwa mwezi. Mkataba ukisema "katheta: zinagharamiwa" na jedwali la nyuma likasema 30 kwa mwezi, maana yake umelipiwa wiki moja tu, na siku zilizobaki ni zako. Hapo ndipo watu huanza kuosha na kurudia katheta ambazo hazikutengenezwa kurudiwa, au kukaa muda mrefu bila kutoa mkojo, na maambukizi yakaingia. Kulazwa kwa maambukizi hayo bima inaweza kulipia bila swali, ilhali katheta za kuyazuia ilizikataa. Huo ni mpangilio mbovu, na unapaswa kusemwa wazi kwenye barua za rufaa.

Kwa aliyekatwa mguu, swali kubwa ni soketi, yaani ile sehemu inayopokea kisiki, kipande cha mguu kilichobaki. Kisiki hupungua na kubadilika umbo, hasa katika mwaka wa kwanza hadi mwaka na nusu. Soketi iliyokaa vizuri mwezi wa tatu inaweza kulegea mwezi wa nane, ikaanza kuchubua ngozi. Mkataba unaosema "mguu bandia mmoja kila miaka 5" bila kutaja soketi unamwacha mtu na mguu mzima asioweza kuuvaa. Uliza kwa maandishi: soketi ya kubadilisha, soksi za kisiki, mpira wa kuvaa ndani na matengenezo ya wayo vinahesabiwa chini ya kifungu gani, na mara ngapi?

Kwa mtoto, muda wa kudumu wa kifaa chochote hukatwa na ukuaji. Kiti kilichopimwa akiwa na miaka 6 hakitamtosha akiwa na 9, hata kama bado kinang'aa. Vipande vya kuweka ndani ya sikio vinavyoshikilia kisaidizi cha kusikia cha mtoto mchanga hubadilishwa mara kadhaa kwa mwaka. Tafuta maneno yanayoruhusu kubadilisha kifaa "kwa sababu ya ukuaji au mabadiliko ya hali ya mwili". Kama hayapo, omba yaongezwe au uandikiwe barua.

Mwenye ualbino akague kifungu cha vipodozi. Losheni ya kukinga jua, ambayo kwake ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi, huwekwa mara nyingi kwenye kundi la vipodozi na kukataliwa hapo hapo. Uchunguzi wa ngozi wa mara kwa mara na miwani vilevile huweza kuwa chini ya vikomo tofauti ambavyo havionekani kwenye ukurasa wa kwanza. Asiyeona aulize kuhusu fimbo nyeupe. Mwenye kifafa aulize kama dawa yake mahususi imo kwenye orodha ya dawa, kwa jina na kwa nguvu ya kidonge, kwa kuwa kubadilishiwa dawa ya kifafa kwa sababu ya orodha ya bima kunaweza kumrudishia degedege.

Hesabu ya bei ya kweli

Ada ya mwezi ni sehemu tu ya unacholipa. Kuna kiasi cha awali unachobeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa; kuna asilimia unayochangia kila huduma; kuna vikomo vya ndani, yaani kiwango cha juu kwa aina moja ya huduma hata kama kikomo kikuu cha mwaka hakijaguswa. Vifaa saidizi karibu siku zote vina kikomo chao cha ndani.

Chukua mfano, kwa vizio vya fedha yoyote. Mtu anatumia kwa mwaka matibabu na tiba ya viungo ya 2,000, na vifaa vya 1,500. Bima ya kwanza ina ada ya 40 kwa mwezi, kiasi cha awali 300 kwa upande wa matibabu, mchango wa 30%, na kikomo cha vifaa 500. Ya pili ina ada ya 75 kwa mwezi, haina kiasi cha awali, mchango ni 10%, na kikomo cha vifaa ni 2,000. Katika bima ya kwanza atalipa ada 480. Kwa matibabu atalipa 300 na 30% ya 1,700 iliyobaki, jumla 810. Kwa vifaa, kikomo cha 500 kikifika, 1,000 inamwangukia yeye. Jumla ni 2,290. Katika ya pili atalipa ada 900, matibabu 200, vifaa 150. Jumla ni 1,250. Bima iliyoonekana nafuu imemgharimu karibu mara mbili.

Jirani yake asiye na ulemavu, ambaye hakuugua mwaka ule, angelipa 480 kwenye ya kwanza na 900 kwenye ya pili. Ndiyo maana ushauri wa ndugu na marafiki kuhusu bima "nzuri", hata ukiwa wa upendo, haumsaidii mwenye ulemavu. Fanya hesabu yako kwa orodha yako. Kama mkataba una kiwango cha juu ambacho mwanachama hatalipa zaidi yake kwa mwaka, uliza kama gharama za vifaa zinahesabiwa ndani ya kiwango hicho. Mara nyingi hazihesabiwi.

Mlango wa kuingilia

Mlango unaopitia kujiunga una uzito kuliko jina la kampuni. Mfuko wa umma, pale ulipo, kwa kawaida humpokea kila mtu bila kumhoji afya yake, na hilo peke yake linaufanya uwe wa kushikwa kwanza. Udhaifu wake huwa kwenye vifaa saidizi na kwenye foleni. Usidhani kwamba kwa kuwa una cheti cha ulemavu, mfuko tayari unakutambua. Usajili wa ulemavu na usajili wa bima mara nyingi hukaa kwenye ofisi mbili zisizosomana. Peleka cheti mwenyewe, uliza kama kinapunguza au kufuta mchango, na ondoka na risiti inayoonyesha kimepokelewa.

Bima ya kikundi kupitia mwajiri ni mlango mzuri wa pili. Kikundi kikiwa kikubwa, wafanyakazi wengi hupokelewa bila kujibu maswali ya afya mmoja mmoja. Lakini dirisha hilo lina muda wake, mara nyingi wiki chache tangu kuajiriwa. Ukichelewa unaweza kuingizwa kama mwombaji wa kawaida, na maswali yote yakarudi. Muulize mwajiri tarehe ya mwisho siku ile ile unapopewa mkataba wa kazi.

Kuingia kama mtegemezi wa mzazi au mwenza nako kuna faida. Kwa kijana mwenye ulemavu, kumbuka umri wa ukomo. Mifuko mingi huwaondoa watoto wakifika umri fulani, na mingi vilevile ina kifungu kinachomruhusu mtoto mwenye ulemavu asiyejitegemea kubaki. Kifungu hicho hakijitekelezi. Ombi na ushahidi wa daktari lazima vifike kabla ya siku ya kuzaliwa inayohusika, na mfumo wa kompyuta utamwondoa usiku ule ule kama havijafika. Anza miezi 6 kabla.

Bima binafsi ya mtu mmoja mmoja ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu hapo unapimwa peke yako. Inafaa zaidi ikiongezwa juu ya mfuko wa umma kuliko kuchukua nafasi yake. Na mtu asikuuzie bima ya ajali, au ile inayotoa kiasi maalumu kwa kila siku ya kulazwa, akikuambia ni bima ya afya. Hizo hazilipii kliniki, wala dawa, wala kiti.

Fomu ya maswali

Mikataba ya bima husimama juu ya kanuni ya nia njema kamili: anayeomba lazima aseme ukweli wa mambo ya msingi anayoyajua, na katika baadhi ya nchi hata yale asiyoulizwa. Kuficha ulemavu, hata usioonekana kama kifafa au ulemavu wa afya ya akili, kunaipa kampuni sababu ya kufuta mkataba siku utakapouhitaji kuliko siku zote, na pengine kubaki na ada zako. Tunaelewa kwa nini watu huficha. Ni hofu ya kukataliwa kwa mara nyingine, na hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo hasara ya kufutiwa mkataba ukiwa wodini ni kubwa mno.

Jibu ulichoulizwa, kikamilifu. Usiongeze dhana zako kuhusu yanayoweza kutokea baadaye. Usimwachie wakala ajaze kwa niaba yako huku ukisaini kurasa tupu. "Hapana" aliyoiweka yeye kwa haraka itahesabiwa kuwa uongo wako. Kama huoni, dai fomu na mkataba kwa nukta nundu, kwa sauti au kwa faili linalosomeka na programu ya kusoma skrini, na usisaini kabla. Kama ni kiziwi, mkalimani wa lugha ya alama awe mtu mzima asiye na maslahi, asiwe wakala wala mtoto wako. Piga picha kila ukurasa uliosaini.

Ambatanisha barua fupi ya daktari inayotenganisha ulemavu na ugonjwa. Mtu aliyekatwa mguu kwa ajali si sawa na aliyekatwa kwa kisukari, na mpimaji wa bima asipoambiwa huchukua dhana iliyo mbaya zaidi. Barua iseme chanzo, tangu lini, kwamba hali ni tulivu (kama ni kweli), na kwamba ni ya kudumu. Neno "ya kudumu" lina thamani kubwa. Bila hilo utaombwa kila mwaka kuthibitisha kwamba mguu uliokatwa bado haupo. Ombi hilo linadhalilisha, na linakugharimu siku ya kazi na ada ya daktari kila linapokuja.

Ukikataliwa kwa sababu ya ulemavu wenyewe, jua kuna sheria ya kimataifa nyuma yako. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na kuanza kutumika tarehe 3 Mei 2008. Ibara ya 25 inazitaka nchi wanachama zipige marufuku ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu katika utoaji wa bima ya afya, na bima hiyo itolewe kwa haki na kwa namna inayokubalika kiakili. Nchi yako ikiwa imeridhia, iandike ibara hiyo kwenye barua yako kwa namba. Haitamaliza kila kitu peke yake, lakini hubadilisha sauti ya majibu.

"Na yote yanayohusiana nayo"

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu. Kampuni nyingi hukupokea, kisha huweka kifungu cha kutolipia hali iliyokuwepo kabla ya kujiunga, ama moja kwa moja ama kwa kipindi cha kusubiri cha miezi kadhaa hadi miaka. Wengi husoma wakaona ni haki, kwa sababu uti wa mgongo umeshaumia, nani atautibu tena? Hatari imo kwenye maneno yanayofuata: "na yote yanayohusiana nayo" au "na matokeo yake".

Fikiria mtu aliyepooza miguu. Maambukizi ya njia ya mkojo yanahusiana. Kidonda cha mgandamizo, kile cha kukaa au kulala muda mrefu, kinahusiana. Mfupa uliovunjika baada ya kuanguka kutoka kwenye kiti unaweza kusemwa unahusiana, kwa kuwa mifupa isiyobeba uzito hudhoofika. Maumivu ya bega yanahusiana, kwa kuwa ni bega linalosukuma magurudumu. Msongo wa mawazo unahusiana. Ukimwacha mwandishi wa mkataba anyooshe neno hilo anavyotaka, kinachobaki kugharamiwa ni kidogo sana, na ada unalipa kamili.

Fanya hivi kabla ya kusaini. Chukua mambo matano au sita yanayowapata sana watu wenye hali kama yako, uyaandike kwa barua pepe, na kwa kila moja uombe jibu la ndiyo au hapana: likinipata mwezi wa pili wa uanachama, mtalipa? Likinipata mwaka wa pili? Jibu la simu halina kazi hapa. Halafu omba kifungu kiandikwe kwa ufinyu. "Upasuaji wa uti wa mgongo kutokana na ajali ya mwaka fulani" ni kifungu unachoweza kuishi nacho. "Magonjwa yote ya mfumo wa neva na yanayohusiana nayo" hakifai. Kampuni isiyokubali kujibu maswali sita kwa maandishi inakuonyesha mapema jinsi itakavyoshughulikia madai yako.

Linganisha pia vipindi vya kusubiri kimoja kimoja, maana mkataba mmoja huwa na kadhaa: cha matibabu ya nje, cha kulazwa, cha uzazi, cha hali iliyokuwepo kabla, na cha vifaa saidizi. Cha vifaa ndicho husahaulika.

Kadi inayofika mahali usipoweza kuingia

Orodha ya hospitali zinazopokea kadi haisemi kama kuna lifti. Chagua vituo vitatu utakavyovitumia kweli na uvipigie simu. Swali la "mna huduma kwa wenye ulemavu?" hujibiwa "ndiyo" kila mahali, kwa hiyo uliza mambo yanayoonekana kwa macho. Kitanda cha uchunguzi kinashuka hadi usawa wa kiti? Kuna mizani inayopima mtu akiwa kwenye kiti chake? Mlango wa choo una upana gani kwa sentimita? Mashine ya uchunguzi wa matiti inaweza kushushwa kwa mwanamke aliyekaa? Mkalimani wa lugha ya alama anaombwa siku ngapi kabla, na nani anamlipa?

Uliza pia namna ya kumtambua mwanachama. Vituo vingi sasa hutumia alama za vidole. Asiye na vidole, au ambaye ngozi ya vidole imesuguliwa na miaka ya kusukuma magurudumu, mashine inaweza kumkataa. Kamera ya jicho nayo inaweza kumkataa mwenye macho yanayochezacheza. Dai njia mbadala iandikwe kwenye akaunti yako mapema, ukiwa mzima, ili usianze kubishana mapokezi ukiwa na homa.

Kibali cha awali

Kiti, kiungo bandia, kisaidizi cha kusikia na vipindi vingi vya tiba ya viungo huhitaji kibali kabla ya kutolewa. Ukinunua kwanza na kudai baadaye, kwa kawaida fedha imepotea, hata kama kifaa kingekubaliwa.

Barua inayoomba kibali hushindwa kwa sababu moja kuu: inaeleza ugonjwa, haielezi shughuli. "Mgonjwa amepooza, anahitaji kiti" ni barua ya kukataliwa, au ya kupewa kiti cha hospitali cha saizi moja kwa wote. Barua nzuri ina utambuzi pamoja na namba yake ya uainishaji; ina kazi ambazo mtu hawezi kuzifanya bila kifaa, kama kutoka kitandani, kufika chooni, kukaa saa 8 kazini; ina vifaa vya bei nafuu vilivyojaribiwa na sababu ya kutofaa; ina vipimo; na ina madhara yatakayotokea kifaa kisipotolewa. Kwa kiti, vipimo ni upana wa nyonga, urefu wa paja kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti ukipunguza sentimita 3 hadi 6 ili kingo za kiti zisibane nyuma ya goti, urefu wa mguu wa chini, na kimo cha mgongo. Mto wa kuzuia vidonda uandikwe kama kifaa kinachojitegemea. Ukiachwa uchukuliwe "ni sehemu ya kiti", huondolewa.

Hiyo namba ya uainishaji ikaguliwe na macho yako. Katika toleo la 10 la uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, kupooza miguu au viungo vyote vinne kumo kwenye kundi G82, mtindio wa ubongo G80, upotevu wa kusikia H90, kukosa kiungo baada ya kukatwa Z89. Kundi R26 ni dalili tu, matatizo ya mwendo. Kliniki yenye haraka huandika R26 kwa mtu wa G82, na bima inasoma kwamba huyu anachechemea. Namba iliyo kwenye barua, kwenye fomu ya dai na kwenye ankara ziwe sawa; zikitofautiana, dai hurudi.

Wakikataa

Kukataliwa mara ya kwanza ni jambo la kawaida, na watu wengi huishia hapo kwa uchovu. Usiishie hapo. Omba sababu kwa maandishi, ikitaja kifungu cha mkataba na mwongozo wa kitabibu uliotumika. Angalia siku za rufaa zinahesabiwa tangu lini, maana mara nyingine ni tangu tarehe iliyo juu ya barua, wala si siku iliyokufikia. Tunza bahasha au barua pepe yenyewe. Kila simu iandike: tarehe, saa, jina la uliyeongea naye, namba ya kumbukumbu, alichosema. Baada ya simu tuma ujumbe mfupi unaorudia mlichokubaliana.

Sababu utakayoisikia zaidi kwa tiba ya viungo, tiba kazi na tiba ya usemi ni "hakuna maendeleo". Bima hutaka kuona grafu inapanda. Kwa mwenye ulemavu wa kudumu, tiba mara nyingi hulinda kilichopo: viungo visikakamae, kifua kisijae, uwezo wa kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti usipotee. Nchini Marekani hoja hii ilifika mahakamani, na suluhu ya kesi ya Jimmo ya mwaka 2013 ilithibitisha kwamba Medicare, mfuko wa umma wa bima ya afya wa huko, hauwezi kukataa huduma ya kitaalamu kwa sababu tu mgonjwa hatarajiwi kupata nafuu. Sheria hiyo ni ya kwao, lakini hoja inafaa popote. Mwombe mtaalamu wako apime na kuandika kilichopungua katika wiki ambazo tiba ilisimama: nyuzi za kukunjuka kwa goti, umbali wa kutembea, muda wa kukaa bila kuegemea. Namba zilizoshuka ndizo ushahidi kwamba kubaki palepale ni matokeo ya tiba.

Kwa mtoto, sababu huwa ni kwamba "tiba hairejeshi uwezo ambao mtoto hakuwahi kuwa nao". Jibu limo katika ibara ya 26 ya mkataba ule ule wa Umoja wa Mataifa, inayotaja kwa pamoja huduma za kujenga uwezo na za kuurejesha. Na wakikataa pedi za kunyonya mkojo kwa kuziita vitu vya usafi binafsi, waonyeshe orodha ya visaidizi 50 vya kipaumbele iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016. Pedi hizo zimo, pamoja na viti, fimbo nyeupe na visaidizi vya kusikia.

Rufaa ya ndani ikishindikana, nenda kwa mdhibiti wa bima wa nchi yako au msuluhishi wa malalamiko, ukiwa na faili lililopangwa kwa tarehe. Chama cha watu wenye ulemavu kikisaini nawe barua, hufunguliwa haraka zaidi.

Kuhuisha na kuhama

Mkataba hubadilika kila mwaka bila kelele. Siku 60 kabla ya kuhuisha, omba jedwali jipya la vikomo na orodha mpya ya dawa, uviweke kando ya vya zamani mstari kwa mstari.

Ukihama, pengo hata la siku chache linaweza kuanzisha upya kipindi cha kusubiri. Omba barua ya bima ya zamani inayoonyesha tarehe za uanachama mfululizo, kwani baadhi ya kampuni hukubali kuhesabu muda huo. Kama kifaa chako kimemaliza muda wake wa kudumu, agiza kipya kabla hujaondoka. Kibali kilichotolewa na bima ya zamani hakimfungi mpya. Ukiwa na bima mbili kwa wakati mmoja, pata kwa maandishi ni ipi inalipa kwanza, kwa sababu ya pili itadai kuona hati ya malipo ya ile ya kwanza kabla ya kugusa salio. Na ile ya zamani usiifute mpaka umetibiwa walau mara moja kwa kadi mpya, kwenye kituo unachokitegemea, na dai likalipwa.